Kuwagawa Watoto wa Paka: Huzuni Yake na Adabu Zake



Ndugu wanafunzi, mara hii tumeona tuzungumzie jambo ambalo wengi wetu tumelipitia majumbani lakini ni nadra kuliona limeandikwa. Nalo ni pale paka wa nyumba anapozaa, watoto wake wakakua kidogo, kisha wakubwa wa nyumba wakatamka kwamba sasa watafutiwe pa kwenda. Hapo mtoto wa miaka minane hugoma kula. Dada mtu hujifanya hana habari huku macho yamemwiva. Hata mama aliyekuwa akisema "paka ni paka tu" huonekana jioni akiwamiminia maziwa kwa siri. Wapo wanaolicheka jambo hili. Sisi tunasema si la kuchekwa, kwa sababu namna tunavyoibeba huzuni hii mara nyingi ndiyo inayoamua kama viumbe wale wataishi au watakufa.

Paka wa wote, watoto wa nani?

Sinza yetu ilipimwa viwanja katika miaka ya 1970, chini ya mradi wa viwanja na huduma uliofika pia Kijitonyama na Mikocheni. Baadaye wenye nyumba wengi waliongeza vyumba vya uani wakapangisha. Leo si ajabu kukuta familia nne au tano zinatumia ua mmoja, bomba moja na kamba moja ya kuanikia nguo. Penye watu wengi hapakosi makombo, na penye makombo hapakosi panya. Kwa hiyo paka hukaribishwa.

Lakini paka huyo aghalabu hana mwenyewe. Anakula dagaa kwa mama wa chumba cha kwanza, analala stoo kwa baba mwenye nyumba, na siku ya kuzaa anaingia kwenye boksi la viatu la mpangaji wa chumba cha mwisho. Akikamata panya ni paka wetu sote. Akizaa, kila mmoja anasema si wake. Wahenga wamesema paka wa nyumba haingwa, yaani aliyekwisha kuzoea nyumba hafukuzwi. Methali hiyo inamlinda mama. Watoto wake wanne au watano hawana methali ya kuwalinda.

Matokeo yake tunayajua. Mtu anawatia kwenye kiroba usiku, anakwenda nao mbali, anawaacha sokoni au kando ya jalala. Asubuhi watoto wa nyumba wakiuliza wanaambiwa, "Wamekimbia." Anayefanya hivyo hujiliwaza kwamba sokoni kuna vichwa vya samaki, hawatakosa chakula. Lakini tujiulize, kwa nini aende usiku? Kwa nini hakuwaaga watoto wake? Ukweli ni kwamba naye moyo unamuuma, na anaukimbia uchungu huo. Hataki kuona macho ya mwanawe wala kusikia sauti ya mama paka. Basi uchungu aliokataa kuubeba yeye mtu mzima anawabebesha wale wadogo, nao hawauwezi. Mtoto wa paka wa wiki tano hajui kugombea kichwa cha samaki mbele ya mashume wa sokoni. Hajui gari wala mbwa, na mvua ya masika ikimnyeshea usiku mmoja inatosha kummaliza.

Tukumbuke pia kwamba Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayokataza ukatili kwa wanyama. Na kabla ya sheria hiyo tunayo hadithi mashuhuri, waliyoipokea Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha akajitafutia mwenyewe. Mwenye kumtupa mdogo asiyeweza kujitafutia asidhani kuwa amemwacha huru.

Ratiba ya umri wao

Ili huzuni isituongoze vibaya ni lazima tujue watoto hawa wanavyokua. Mtoto wa paka huzaliwa akiwa na uzito wa takriban gramu 100, macho yamefumba na masikio yamelala. Macho hufunguka baina ya siku ya 7 na ya 14. Wiki ya tatu huanza kupepesuka na meno huanza kuchomoza. Wiki ya nne huanza kuonja chakula. Wiki ya nane huwa kwa kawaida ameweza kuishi bila ziwa la mama.

Katika muda huo hujifunza mambo ambayo hakuna binadamu awezaye kumfundisha sawasawa. Mama humwonesha namna ya kuwinda na namna ya kujisitiri kwenye mchanga. Ndugu zake humfundisha mipaka ya mchezo: akimng'ata mwenzake kwa nguvu, mwenzake hulia na mchezo hukoma. Hali kadhalika baina ya wiki ya pili na ya saba ndipo anapozoea watu. Aliyeshikwa kwa upole siku hizo hukua akiwa mpole kwa binadamu. Ambaye hakuguswa kabisa hubaki mwoga, na kumtafutia nyumba huwa kazi ngumu.

Kwa hiyo mtoto wa paka asiondolewe kwa mama kabla ya wiki nane, na akiachwa hadi wiki kumi au kumi na mbili ni bora zaidi. Anayeondolewa wiki ya nne huhara, hukonda, na akipona huenda akawa mng'ataji.

Na hapa ndipo ulipo mtihani wa moyo. Wiki ya kwanza watoto hawa ni kama vipande vya nyama vinavyolialia, na mtu angeweza kuwatoa bila kuumia sana. Lakini huo ndio wakati usiofaa kabisa. Wanapotimiza wiki nane wanakuwa wameshajulikana kwa majina, wanakimbizana na kamba za viatu, na kuna mmoja anayelala juu ya begi la shule la mtoto fulani. Wakati wa kuachana unatukuta pale mapenzi yamekwisha kukomaa. Mwenye kungoja wiki zote nane amekubali kuumia zaidi ili wao wapone, na hiyo ni ihsani.

Machozi si upungufu wa imani

Wapo wazazi wanaomwambia mtoto wa kiume, "Mwanamme halii, tena paka!" Tunawaomba wazazi hao wakumbuke kisa cha Abu Umayr, ndugu yake mdogo Anas bin Malik (r.a.), kilichomo katika Bukhari na Muslim. Alikuwa na kindege akichezea, kikafa, akawa na huzuni. Mtume (s.a.w.), pamoja na mizigo yote ya umma aliyokuwa nayo, alimsemesha mtoto yule kwa upole na kumuuliza habari za kindege chake. Hakumwambia kwamba ndege wako wengi.

Tunaye pia Abu Hurayra (r.a.). Jina hilo la utani maana yake ni baba wa kipaka. Yeye mwenyewe, kama alivyopokea Tirmidhi, alieleza kuwa alikuwa akichunga kondoo wa watu wake, naye alikuwa na kipaka akimweka juu ya mti usiku na kucheza naye mchana, basi wakampa jina hilo. Sahaba huyu ndiye aliyepokea hadithi nyingi kuliko wenzake wote. Kumpenda kipaka hakukumpunguzia kitu.

Kwa uaminifu wa elimu tuseme jambo moja. Kile kisa kinachosimuliwa sana, kwamba Mtume (s.a.w.) alikata kanzu yake ili asimwamshe paka aliyelala juu yake, hakina sanadi inayojulikana katika vitabu vya hadithi. Tusikitumie kama hoja. Yaliyo sahihi yanatutosha. Miongoni mwake ni hadithi ya Abu Qatada (r.a.), aliyemwinamishia paka chombo cha maji ya udhu akanywa, kisha akasimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alisema paka si najisi, bali ni katika wale wanaotuzungukia majumbani.

Kuna ziada ambayo nayo haifai. Mtu akiacha swala au akimchukia mzazi wake kwa sababu ya paka amevuka mpaka. Huzuni ni ya moyo na machozi ni ya macho, na katika hayo hapana lawama. Lawama huja katika ulimi na vitendo.

Je, mama paka anahisi nini?

Swali hili watoto hutuuliza sana. Moyoni mwa mnyama hatuwezi kuingia, lakini tunayaona anayoyafanya. Watoto wakiondolewa, mama huzunguka pale alipowalaza, huita kwa sauti fulani ya chini, hunusa kila kona. Kwa wengi hali hii hudumu siku chache kisha hupungua. Tena mama mwenyewe, watoto wakifikia umri huo, huwa ameanza kuwakatalia ziwa na kuwakemea.

Kwa hiyo tusimwambie mtoto kwamba mama paka hana habari, maana si kweli na amemwona kwa macho yake. Wala tusimtie hofu kwamba atalia maisha yake yote. Tumwambie kama ilivyo: atawatafuta kwa muda, nasi tutamwongezea chakula na kumkalia karibu mpaka atulie.

Imepokewa katika Abu Daud, kutoka kwa Ibn Mas'ud (r.a.), kwamba safarini baadhi ya sahaba walichukua makinda mawili ya ndege mdogo, mama yake akaja akipigapiga mbawa. Mtume (s.a.w.) aliuliza ni nani aliyemtia uchungu kwa ajili ya wanawe, akaamuru warudishwe. Makinda yale yalikuwa bado yanamhitaji mama. Fundisho tunalolipata ni kwamba uchungu wa mnyama kwa wanawe ni kitu cha kuangaliwa, hasa wakiwa wadogo.

Kwa sababu hiyo ni vyema kuwatoa mmoja mmoja kwa kupisha siku kadhaa, wala si wote kwa mkupuo. Maziwa ya mama hupungua taratibu bila chuchu kujaa na kuuma, na nyumba nayo haipati kimya cha ghafla.

Adabu za kuaga na kukabidhi

Kuna mwaka paka alizaa katika stoo ya mikeka ya madrasa yetu. Walikuwa wanne: wawili wa kijivu, mmoja wa madoadoa na mmoja mweusi. Wanafunzi waligawana zamu za kuleta dagaa na kubadilisha mchanga. Walipotimiza wiki tisa tuliwatafutia watu. Wa kijivu walichukuliwa pamoja na fundi cherehani. Wa madoadoa alikwenda kwa familia ya mwanafunzi. Mweusi alibaki. Kila aliyekuja alimtazama, akakumbuka habari za majini na wachawi, akaaga. Kijana mmoja wa Juzuu Amma alianza kuchelewa kurudi nyumbani ili akae naye, akituuliza, "Ustadhi, kwani kosa lake nini?" Hatimaye alikuja bibi mmoja muuza vitumbua, akamgeuza tumbo na mgongo, akasema, "Panya hawaulizi rangi." Akamchukua. Kijana yule alilia, akaubeba mwenyewe ule mfuko wa mchanga mpaka kwa bibi.

Kutokana na hayo na mengine tuliyoyaona, tunapendekeza yafuatayo:

1. Watoto wa nyumba waambiwe mapema. Tangu watoto wa paka wafungue macho, isemwe wazi kwamba wakifika umri fulani watahama. Siku ya kuondoka ijulikane. Asiondolewe mtoto wa paka wakati watu wamelala au wako shule.

2. Wasidanganywe. Uongo wa "wamekimbia" humfanya mtoto awatafute chini ya magari kwa wiki nzima. Na akijua ukweli baadaye, huzuni yake huongezeka hasira kwa mzazi.

3. Mtoto apewe kazi. Atafute boksi, alitoboe matundu ya hewa, atie kitambaa alicholalia mama paka ili harufu yake iende na mtoto. Mkono wenye kazi huusaidia moyo.

4. Nyumba ichunguzwe. Tuulize bila haya: Je, wote nyumbani wameridhika, au ni mtoto mmoja tu anayelilia? Mwenye nyumba anaruhusu? Humo ndani hutegwa sumu ya panya? Nani atamlisha wakifunga safari ya Idd kwenda kijijini? Anayeudhika kwa maswali haya pengine si mtu wa kumpa. Na asitolewe kama zawadi ya kushtukiza, kwa kuwa aliyepewa hakuchagua kubeba jukumu.

5. Wakiweza kwenda wawili pamoja ni bora. Hufarijiana usiku wa kwanza, na aliyewatoa naye hulala vizuri.

6. Wasiuzwe. Katika Sahih Muslim imepokewa kutoka kwa Jabir (r.a.) katazo la thamani ya paka. Wanazuoni wamekhitalifiana katika kulifahamu, na wengi wamejuzisha, lakini kutoa bure ni salama zaidi. Isipokuwa bure isiwe sababu ya kumpa yeyote apitaye njiani.

7. Anayepokea aelezwe ya kutarajia. Mgeni huyu huenda akajificha chini ya kitanda siku moja, mbili au tatu, asile vizuri na kulia usiku. Asivutwe kwa nguvu. Awekewe maji, chakula alichokizoea na mchanga, naye atatoka mwenyewe. Akitimiza miezi mitatu apelekwe kwa daktari wa mifugo apate chanjo ya kichaa cha mbwa, kwani paka naye huupata ugonjwa huo na kuuambukiza. Mtu yeyote aking'atwa au kuparuliwa na paka asiyejulikana hali yake, aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, maana ugonjwa huu dalili zake zikishaanza karibu kila mara huua.

8. Kuwepo na kuulizia. Baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki, apelekwe salamu mtu wa kuulizia hali. Kwenda kila siku kunamsumbua mwenye nyumba na kunamchelewesha paka kuzoea. Na tangu mwanzo iafikiwe kwamba wakimshindwa wamrudishe, wasimtupe.

Nyumba ikishakuwa kimya

Siku za kwanza baada ya wa mwisho kuondoka huwa nzito. Mtoto atasikia kishindo asimame, kumbe ni upepo. Aachwe azungumze, na asiletewe haraka mnyama mwingine wa kuziba pengo. Akumbushwe alichokitenda: kiumbe aliyezaliwa hawezi kuona wala kutembea amefikishwa salama mikononi mwa mtu mwingine. Hiyo ndiyo maana ya amana. Amana hutunzwa ikafikishwa inakotakiwa, hata kama mtunzaji angetamani kubaki nayo.

Jambo la mwisho ni la wakubwa. Mimba ya paka huchukua kama wiki tisa, na paka anaweza kushika mimba nyingine hali bado ananyonyesha. Watoto wake wa kike nao huweza kuzaa hata kabla ya kutimiza mwaka. Kwa hiyo nyumba isiyochukua hatua itarudi kwenye kilio kile kile mara mbili tatu kwa mwaka, na nyumba za kuwapokea zitakwisha. Hapo ndipo kiroba huanza kufikiriwa hata na wenye huruma. Dawa yake ni wapangaji na mwenye nyumba kuchangishana wakampeleka mama paka kwa daktari wa mifugo afungwe kizazi. Wapo wanazuoni wa zama zetu waliojuzisha jambo hilo pale penye haja na pasipo madhara kwa mnyama, na bila shaka ni jepesi kuliko kuwazalisha kisha kuwatupa.

Ndugu wanafunzi, mwaka huu baadhi yenu mtakuta boksi la viatu lina wageni. Msiwafiche, wala msingoje wakubwa waamue peke yao usiku. Hesabuni wiki, tafuteni watu, ulizeni maswali. Siku ya kuwaaga ikifika, mwenye kulia na alie, kisha ashike boksi upande mmoja na mwenzake upande wa pili, wawafikishe.

Tunamuomba Allah (s.w.) atujaalie huruma kwa kila chenye roho. Wabillahi tawfiq.